Siku Nne Alizonyamaza Kordoba

Kiangazi kile niliomba likizo ya siku kumi, na msimamizi wangu akanitazama kana kwamba namtania. Mimi ni fundi wa viyoyozi. Hapa Washington na miji inayoizunguka, mwezi wa saba simu hazikatiki: ofisi zinalalamika, wazee wanazidiwa na joto majumbani, fundi mmoja anafanya kazi ya watatu. Nilimwambia nimeshawaahidi watoto. Akakuna kidevu, akasema, "Siku nane." Nikakubali nane.

Watoto wenyewe ni wawili, wasichana. Mwaka ule mkubwa alikuwa na miaka kumi na miwili, mdogo sita. Waliishi na mama yao Bowie, upande wa Maryland, katika nyumba tuliyohamia pamoja mkubwa alipokuwa bado anatambaa. Mimi, baada ya talaka, nilipanga chumba na sebule Manassas, Virginia, kwa sababu karakana yetu iko huko. Kila Ijumaa ya pili nilitoka kazini nikalizunguka jiji zima kwenda kuwachukua. Siku za foleni mbaya nilitumia saa mbili na zaidi, na nilipofika niliwakuta wamekaa kwenye ngazi za mbele, viatu miguuni, mabegi magotini. Mama yao aliniambia kuwa wakishatoka nje hakuna wa kuwarudisha ndani.

Wazo la kwenda Kordoba, Hispania, lilikuwa la mkubwa. Shuleni kwao masomo mengi yalifundishwa kwa Kihispania, na alikuwa amechora msikiti mkubwa wa Kordoba, nguzo kwa nguzo, na matao yake mekundu na meupe. Mwalimu aliubandika mchoro ule ukutani. Siku ya wazazi nilikwenda na nguo zangu za kazi, vumbi la mabomba mpaka kwenye nyusi, naye akanishika mkono akanipeleka mbele ya ule mchoro.

"Waliojenga hapa walikuwa Waislamu, Baba. Kama wewe na mimi."

"Iko siku tutakwenda kuuona," nikasema.

Nilisema tu, kama baba yeyote anavyosema. Lakini yeye aliishika kauli ile na kila baada ya wiki chache aliniuliza: tutakwenda lini? Ikanibidi kwenda.

Niseme pia kwamba wanangu nawasemesha Kiswahili nao hunijibu kwa Kiingereza. Ndivyo tulivyozoea. Maneno yao hapa nayaandika kwa Kiswahili kwa sababu ndivyo yanavyonijia ninapoyakumbuka.

Mama yao aliwaleta mwenyewe uwanja wa ndege wa Dulles. Ni muuguzi, alikuwa ametoka zamu, bado amevaa sare. Alinipa barua ya kuniruhusu kusafiri na watoto, dawa za homa, na kofia mbili. Kisha akamkumbatia mkubwa kwa muda mrefu, akamnong'oneza jambo. Mkubwa akaitikia kwa kichwa bila kumtazama. Nilidhani ni mambo ya mama na binti, nikageuka kusukuma mabegi.

Tulishuka Madrid asubuhi, tukapanda treni ya kasi, na kabla ya mchana tulikuwa Kordoba. Nimekulia Tabora, joto nalijua. Lakini joto lile lilitoka juu na chini, likarudishwa na kuta nyeupe pande zote mbili za vichochoro, vyembamba kiasi kwamba nikinyoosha mikono ningegusa nyumba za huku na huku. Chumba chetu kilikuwa ghorofa ya juu katika nyumba ya wageni ya mzee mmoja aliyevaa miwani kwenye paji la uso na hakuishusha hata mara moja. Alifungua mlango, akaonyesha kiyoyozi ukutani, akasema maneno mengi kwa huzuni.

"Anasema kimeharibika tangu Jumatatu," mkubwa akanitafsiria, "na fundi hapatikani mpaka wiki ijayo."

"Mwambie fundi amefika."

Mkubwa alicheka mpaka akashindwa kutafsiri. Nilipanda juu ya kiti, nikafungua kifuniko, nikatoa vichujio vilivyojaa vumbi la miaka, tukavioshea bafuni, mdogo akishika sabuni. Bomba la kutolea maji lilikuwa limeziba. Nililizibua kwa waya wa kutundikia nguo. Hewa ya baridi ilipoanza kutoka, mzee alipiga makofi, akaniletea tikiti maji zima, akazungumza na mkubwa huku akinigusa bega.

"Amesema nina bahati, baba yangu anajua kutengeneza vitu," mkubwa akasema. Akainamisha kichwa, akaanza kuokota mbegu za tikiti mezani moja moja. Nilimwona akifanya hivyo. Nikaendelea kukata tikiti.

Kesho yake tulikwenda msikitini mapema, kabla jua halijakaza. Jamaa mmoja tunayeswali naye Manassas alikuwa ameniasa nisijaribu kuswali mle. Umekuwa kanisa kwa karne nyingi, na walinzi hawaruhusu. Kwa hiyo nilisimama tu kati ya nguzo, mikono nyuma, nikamsomea marehemu baba yangu Fatiha kimoyomoyo. Nguzo zilikwenda mbele mpaka macho yakashindwa kuzifuata. Nilitamani baba angeniona pale na wajukuu zake.

Mdogo alinivuta shati. "Baba, huu ni msikiti au kanisa?"

"Ulikuwa msikiti. Sasa ni kanisa."

"Na watu wa msikiti wako wapi?"

"Walihama."

"Wote?"

"Wote, mama. Zamani sana."

"Walitaka kuhama?"

Nikatafuta jibu la mtoto wa miaka sita. Nilipogeuka ili mkubwa anisaidie, maana historia ile aliijua kuliko mimi, hakuwepo. Nilimkuta nyuma ya nguzo ya tatu, amejikunja, mkono tumboni.

"Tumbo?"

"Kidogo tu."

"Umekula nini?"

"Sijui. Litapoa."

Halikupoa. Mchana hakula, jioni alikunywa maji tu. Nilimpeleka duka la dawa, akajieleza mwenyewe kwa Kihispania chake, na yule mama mfamasia, mwenye mvi fupi, akamuuliza maswali kwa sauti ya chini. Kisha akanitazama mimi, akauliza jambo. Mkubwa akasita.

"Amesemaje?"

"Anauliza kama kuna kitu kinanitia wasiwasi."

"Kuna kitu kinakutia wasiwasi?"

"Hapana."

"Mwambie hapana basi."

Ndivyo nilivyomuuliza, nimesimama, mkoba mkononi, kama mtu anayeuliza saa ngapi. Mama yule alitupa majani ya kuchemsha, akamshika mtoto wangu shavu, tukatoka.

Siku ya tatu mkubwa alishikwa na ari ya picha. Hakuwa mtoto wa picha. Nyumbani ukimwelekezea simu huficha uso. Lakini siku ile, juu ya daraja la Kirumi, alikuwa akiwasimamisha wapita njia, anawapa simu yangu na kuwaomba kwa adabu watupige picha sisi watatu. "Baba, kaa katikati. Baba, mbebe mdogo. Sasa mwangalie yeye, usiangalie simu." Mto Guadalquivir chini yetu ulikuwa na maji kidogo na majani mengi, ndege weupe wamejaa kwenye visiwa vya matope. Tulipiga picha mpaka simu ikachemka mkononi.

Jioni ile niliwasikia kitandani wakiimba namba. Mkubwa alikuwa akimfundisha mdogo namba yangu ya simu kwa kuitia sauti ya wimbo. Mdogo akikosea, anaanza tena mwanzo.

"Ya nini hiyo?" nikauliza.

"Akipotea," mkubwa akajibu haraka.

Nikamsifu. Nilisema huyu mtoto ana akili za mtu mzima, na nikafurahi nafsini mwangu kwamba tunamlea vizuri, mimi na mama yake, hata kama hatuko pamoja.

Nilikuwa na jambo langu nililolificha tangu nyumbani, nikingoja siku nzuri ya kulisema. Nikaona siku ya nne ndiyo hiyo, kwa kuwa kesho yake tungerudi Madrid. Tulizunguka mtaa wa nyumba zenye nyua za maua, mdogo akihesabu vyungu vya bluu ukutani, kisha saa nane mchana tukaketi kwenye mkahawa mdogo chini ya turubai. Mkubwa aliagiza kwa niaba yetu ile supu yao nzito ya nyanya inayoliwa baridi, akasisitiza wasitie nyama ya nguruwe. Ilipoletwa hakuigusa. Nikaona habari yangu itamchangamsha.

"Nina jambo la kuwaambia," nikasema. "Nahama Manassas."

Mdogo akaacha kijiko. "Unahamia wapi?"

"Bowie. Nimepata nyumba ya vyumba viwili, mitaa mitatu kutoka kwenu. Nimeshasaini mkataba. Kuanzia mwezi wa tisa mtakuja kwa miguu. Hakuna tena kukaa kwenye ngazi kunisubiri."

Mdogo alirusha mikono juu. Mkubwa alikuwa amekaa wima, uso umempauka. Nikadhani anataka kutapika.

"Usihamie Bowie, Baba," akasema.

"Kwa nini?"

"Hatutakuwepo."

Sikumwelewa. Nilimwomba arudie, naye akarudia kwa haraka, maneno yakigongana. Mama yao anaolewa. Bwana yuko Houston, Texas. Wanahamia huko mwezi wa nane mwishoni, kabla shule hazijafunguliwa. Mama alitaka kuniambia mwenyewe tukirudi.

"Wewe umejua tangu lini?"

"Kabla ya kuja."

Hapa ndipo nilipotamka neno ambalo ningekata kidole changu kulirudisha. Nilimtazama mtoto wa miaka kumi na miwili, mbele ya supu asiyoigusa, nikamwambia, "Kwa hiyo siku zote hizi unacheka na mimi, unapiga picha na mimi, kumbe unanidanganya?"

 Machozi yalianza kumdondokea kwenye supu. Nami badala ya kumshika nilisimama, nikaacha noti mezani, nikaanza kutembea. Sikujua naenda wapi. Nilitaka tu uso wangu usionekane. Nilisikia viatu vyake vikinifuata nyuma na kwikwi zake, nikazidisha mwendo. Tulipinda kona mbili au tatu hivyo, mimi mbele, yeye nyuma, kabla hajaniita kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake.

"Baba! Mdogo yuko wapi?"

Nilikuwa nimedhani yuko naye. Yeye alidhani nimemshika mkono.

Tulirudi mbio mkahawani; meza ilikuwa imeshafutwa. Mhudumu alisema alimwona akitufuata. Vichochoro vyote vilifanana: kuta nyeupe, vyuma madirishani, milango ya mbao nusu wazi, na saa ile ya joto hakukuwa na mtu nje. Nilipiga kelele jina lake mpaka sauti ikakwaruza. Mkubwa hakupiga kelele. Alikwenda mlango kwa mlango, machozi hayajakauka, akigonga na kuuliza kwa Kihispania: mmemwona msichana mdogo, ana kofia ya njano? Mlango mmoja, wa pili, wa tano. Mimi, baba mtu, nilikuwa nyuma yake sina hata neno moja la kuuliza.

Ilichukua dakika ishirini, pengine chini ya hapo. Nyuma ya mlango mmoja uliokuwa wazi kulikuwa na ua wenye kisima katikati, na kuta zimefunikwa vyungu vya maua mpaka ghorofa ya kwanza. Bibi mmoja mnene, aproni ya jikoni kiunoni, alikuwa akimwagilia vyungu vya juu kwa kopo lililofungwa kwenye ncha ya mwanzi mrefu. Pembeni yake alisimama mwanangu, ameshika mwanzi ule kwa mikono miwili naye anasaidia kuuinua, kofia imeloa, uso una michirizi ya machozi yaliyokwisha kukauka.

"Nilisahau namba," akaniambia. "Niliimba nikasahau."

Nilipiga magoti kwenye yale mawe yaliyoloa nikamkumbatia. Bibi yule alimtazama mkubwa, akavuta kiti cha majani, akamkalisha, akamletea maji kwenye bilauri, akamfuta uso kwa pindo la ile aproni yake. Halafu akanigeukia akaniambia jambo, si kwa ukali, lakini kwa kirefu, akimwelekezea kidole mkubwa.

"Amesemaje?" nikauliza.

"Amesema watoto wanachoka na joto," mkubwa akajibu.

Alikuwa amesema zaidi ya hayo. Hilo hata mimi nililijua.

Tulitoka pale tukakaa kwenye kizingiti cha mlango uliofungwa, upande wenye kivuli. Mdogo alisinzia pajani kwangu. Nikamwambia mkubwa, "Nieleze. Taratibu."

Akanieleza. Alimsikia mama yake akizungumza na dada yake kwa simu, kwa Kiswahili. "Mama anadhani akiongea haraka sielewi. Ninaelewa." Alimwendea mama yake akamuuliza, na mama yake akalia, akamwambia ni kweli, akamwomba asiniambie mpaka turudi. Baba yako ameisubiri safari hii, alimwambia. Mwache aifurahie.

"Nilitaka ufurahi kwanza," mkubwa akasema. "Nilijua ukijua hutafurahi tena."

"Na lile tumbo?"

Akainua mabega.

Baadaye kidogo aliniuliza, akitazama vidole vya miguu yake, "Utakwenda mahakamani?"

Lazima nieleze. Wakati wa talaka yetu, mimi na mama yake tuligombania siku za kukaa na watoto, na mahakama ilituma mama mmoja azungumze na mkubwa, faragha, katika chumba chenye vitu vya kuchezea. Alikuwa na miaka minane. Yule mama alimpa kalamu za rangi, akamwambia achore nyumba ambayo angependa kulala. Hatukuwahi kuambiwa alichora nini. Lakini kwa miezi mingi baada ya siku ile hakuchora tena.

"Sitaki kuulizwa tena, Baba," akasema. "Tafadhali. Sitaki yule mama aniulize tena."

"Hakuna atakayekuuliza."

"Ahidi."

"Nimeahidi."

Nilipaswa pale pale kumwomba msamaha kwa lile neno la mkahawani.  Badala yake nilisema twende tukanunue aiskrimu kabla hawajafunga. Nilimwomba msamaha siku tatu baadaye, ndani ya ndege, juu ya bahari, ameweka vipokea sauti masikioni na macho kayafumba. Sijui kama alinisikia.

Tulipotua Dulles mama yao alikuwa akitusubiri nyuma ya kamba. Alimtazama mkubwa, akanitazama mimi, akajua. Hatukusema kitu mbele ya watoto. Siku iliyofuata, jioni baada ya kazi, niliendesha mpaka Bowie. Alitoka nje akanikuta nimeegemea gari.

"Baba watoto, karibu ndani."

"Hapa panatosha."

Akakunja mikono kifuani. "Amekuambia."

"Ameniambia. Aliugua tumbo siku tatu nzima kwa kunificha."

"Nilimwambia ni siku chache tu. Nilifikiri nakusaidia. Nilifikiri nawasaidia wote."

"Ana miaka kumi na miwili."

"Najua ana miaka mingapi," akasema, na sauti ikamkatika. "Mimi ndiye niliyemzaa."

 Jirani alikuwa akikata majani, mashine ikienda na kurudi. Sikuwa na hasira naye tena, na hilo lilinisumbua, kwa maana hasira ingenipa la kufanya. Aliniambia habari za yule bwana: mjane, mtu wa Mwanza, anaendesha maghala huko Houston, hanywi. Aliniambia amechoka kuwa peke yake na zamu za usiku na watoto wawili. Nilitaka kusema kuwa hakuwa peke yake, mimi nilikuwepo. Kisha nikakumbuka nilivyokuwepo: Ijumaa ya pili, saa mbili za foleni.

Bila sahihi yangu asingeweza kuwahamisha watoto. Wakili niliyemwendea alinieleza vizuri: ninayo haki ya kukataa, kesi itasikilizwa, nina nafasi nzuri ya kushinda kwa kuwa ndiyo kwanza nahamia jirani nao. Nikamuuliza kama mtoto atahojiwa. Akasema kwa umri wake, bila shaka. Nikamshukuru, nikaondoka.

Nilitia sahihi mezani kwangu Manassas, katikati ya maboksi niliyokuwa nimeanza kufunga. Jamaa zangu wa msikitini walinishangaa. Mmoja aliniambia wazi kuwa mwanaume hawaachii watoto wake hivihivi. Dada yangu alipiga simu kutoka Tabora, akalia, akauliza, "Umewatoa wajukuu wa baba kwa mtu baki?"  Kuna siku naamini nilimtunzia mtoto ahadi. Kuna siku nadhani nilichoka, nikajifichia nyuma ya ahadi ile. Pengine yote mawili ni kweli, sijaweza kuyatenganisha.

Mkataba wa Bowie haukuvunjika, kwa hiyo nilihamia. Nilikaa mwaka mzima katika nyumba ile ya vyumba viwili, mitaa mitatu kutoka nyumba yao ya zamani. Familia nyingine ilikuwa imeingia. Walipaka mlango rangi ya kijani, wakaweka ua wa waya kwa ajili ya mbwa. Nilijifunza njia nyingine ya kwenda dukani. Chumba cha watoto nilikitandika vitanda viwili, na kila Jumamosi nilikifagia, ingawa hakikuwa na wa kukichafua. Kiangazi walikuja kwa wiki tatu, wakavilalia. Wiki ya nne nilifunga kile chumba nisikione.

Mara ya kwanza kuwatembelea Houston ilikuwa mwezi wa kumi na mbili wa mwaka ule ule waliohama. Niliogopa safari ile kuliko zote nilizowahi kusafiri. Yule bwana alinifungulia mlango mwenyewe, akaniita kaka, akanipokea begi, na wakati wa swala ulipofika alinionyesha kibla bila kuulizwa. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia na hakunipa nafasi.

Mdogo alikuwa ameng'oka meno mawili ya mbele. Alinishika mkono akanizungusha nyumba nzima: hapa ni kwangu, hapa ni kwa dada, hapa choo, swichi ya taa yake iko nje, usisahau. Alinitandikia taulo kitandani mwa wageni, akaweka na sabuni mpya juu yake. Kisha akasimama mlangoni, mikono ameishika mbele, akaniambia kwa Kiswahili, vile vile alivyomsikia mama yake akiwaambia wageni, "Karibu, Baba. Jisikie nyumbani."

"Ahsante, mama," nikasema. Nikaufunga mlango nikakaa juu ya kitanda kwa muda.

Nilikaa siku tatu. Mkubwa alikuwa amerefuka, amepata rafiki wa Meksiko anayemcheka kwa Kihispania chake cha shuleni. Mama yao aliniambia, tukiwa jikoni, kuwa tumbo halijamsumbua tena. Alikuwa akila. Nilifurahi kusikia, kwa kweli nilifurahi.

Siku ya kuondoka mkubwa alinisindikiza mpaka kwenye teksi. Alinikumbatia, kisha akarudi hatua moja nyuma.

"Umefurahi, Baba?"

"Nimefurahi sana."

Hakuondoka. Alisimama akinichunguza uso, macho, mdomo, kwa uangalifu ule wa mtu mzima aliyekwisha kudanganywa, akipima kama aniamini. Nilitabasamu nikashikilia lile tabasamu. Dereva aliwasha gari. Mtoto alikuwa bado ananitazama tulipopinda kona, mkono mmoja juu, hajaamua.